Sahani Chini ya Mibuni

Binti yetu Raya alizaliwa Sparkhill, mtaa wa Birmingham, Uingereza, lakini kitovu chake kilizikwa Pemba. Hilo nililitaka mimi. Kilipokauka na kudondoka nilikifunga katika pamba, nikakipeleka kwa mkono wa baharia mmoja wa kwetu. Mama yangu akakizika shambani na kupanda mbuni, mti wa kahawa, juu yake, kama alivyotufanyia wanawe wote. Kwetu mtu asiye na mti hana pa kurudi.

Kiangazi cha mwaka 1976 jua liliunguza nyasi za Birmingham zikawa rangi ya makumbi ya nazi. Raya alikuwa na miaka mitano. Kila siku kabla ya adhuhuri alijilaza kwenye mkeka uani, akasinzia kidogo. Akiamka, hali chakula.

"Nimeshakula kwa bibi," alisema.

"Umekula nini?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikicheka.

"Muhogo wa nazi na papa. Halafu tumelala chini ya mibuni. Kuna baridi nzuri pale, baba."

Nilifurahi, sitaficha. Niliona damu yangu haikupotea. Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni miaka mitatu baada ya kazi ya kiwandani, na nilijua kulieleza jambo: mtoto husikia mazungumzo ya wazazi, kisha huyaota.

Mke wangu Mize hakufurahi. Wiki ya tatu gauni la Raya lilikuwa linamvuka mabegani kwa kukonda. Daktari alimpima, akatupa dawa ya kuongeza hamu ya chakula, isisaidie kitu. Kisha siku moja mtoto aliamka akatema punje kiganjani mwa mama yake. Ilikuwa buni mbichi, bado ina utelezi wa tunda.

"Itakuwa kaiokota dukani," nikasema.

"Nenda basi kamuulize Narinder mwenye duka kama anauza buni za kuchumwa leo," Mize akanijibu. "Si wewe msomi?"

Sikwenda.

Dada yangu Mwanasiti alifika kutoka Pemba kututembelea mwezi wa Agosti. Alikuwa hajawahi kumwona Raya, hata kwa picha. Mtoto alimkuta mlangoni, akamshika mkono.

"Shangazi, goti limepoa?"

"Limepoa, mwanangu. Na wewe mbona huku umekonda hivi?"

Mize aliweka birika chini. "Wifi, mnajuana?"

Mwanasiti akamshangaa. "Huyu? Si kila siku tunaye. Mama humwandalia sahani pale mtini kwake, humwita kwa jina, naye huja. Anakula huyo! Wakati wa kuchuma hutafuna matunda mabivu tukamkemea. Sisi tulidhani mnajua."

"Mama hamwogopi?" nikauliza.

"Amwogope mjukuu wake? Wanawe wengine mmeondoka, kaka, nami nashinda shambani. Ndiye mwenziwe wa kula."

Mwanasiti alipopanda juu kupumzika, Mize alinigeukia. Alinena taratibu kabisa.

"Baba Raya, kila tonge analokula kule linamtoa huku. Karibu ataacha kuamka."

"Nitapeleka telegramu. Nitamwambia mama aache kumwandalia."

"Ili mzee akae na mti peke yake? Atamwita zaidi." Akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Mtoto hatakwenda tena kula kule. Mama yako ndiye atakayekuja kula huku, kwa njia ile ile."

Kesho yake Raya alipojilaza, Mize alimnong'oneza. "Mwambie bibi, mama kasema kesho aje yeye. Usile kitu. Sema hivyo tu, urudi." Kisha akamshika kifundo cha mguu, akakaa.

Mtoto akasinzia. Uani hapakuwa na upepo, na jua lilituchoma utosi. Mize aliniita nishike nami. Mguu ulikuwa wa baridi, kama wa mtu aliye kivulini, na kwenye unyayo palianza kuonekana udongo mwekundu. Tulishikilia pamoja mpaka akafumbua macho.

"Kasema vyema," Raya akasema. "Lakini bibi kalia."

Siku iliyofuata Mize alipika ndizi za nazi na samaki wa kupaka. Mwanasiti alikaanga buni alizotuletea, akazitwanga, na nyumba nzima ikanukia shamba letu. Tuliweka sahani tano na viti vitano. Raya hakulala. Alikaa mezani hadi saa sita, akakitazama kile kiti kitupu, kisha akasogea kidogo kumpa mtu nafasi.

Sikuona kitu. Elimu yangu yote iliniambia nikae. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

Nilimimina kahawa kikombe cha kwanza, nikakiweka mbele ya kiti.

"Kasema marahaba," Raya akasema. "Kasema kumbe umeota mvi."

Mwanasiti akainamisha kichwa. Raya akavuta sahani yake, akamega samaki, akatia kinywani. Mize hakukiangalia kile kiti hata mara moja. Aliangalia koo la mwanawe mpaka tonge lilipopita, akamwongezea ndizi.