Jina la Lucas Ukutani

Mwalimu Hasina alisimama kando ya projekta akitazama majina ya wanafunzi yakijitokeza ukutani. Kidato cha Pili walikuwa wamejazana kwenye chumba cha kompyuta, wawili wawili kwa kila mashine, wakisubiri chemshabongo ya jiografia ianze. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma kiungo chake kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ili hata walio wagonjwa nyumbani washindane na wenzao.

Ndipo likatokea jina "lucs".

Vicheko vikakatika ghafla. Lucas alisoma nao hadi mwaka jana, alipogongwa na pikipiki akivuka barabara ya Pongwe. Alitoka hospitali hasemi, upande wa kulia umelegea, na mama yake, Dorkasi, akaiambia shule kwamba hata akili imekwenda. Dawati lake alishapewa mtu mwingine.

"Nani ameandika hilo jina?" Hasina aliuliza. "Huu si utani wa kufanya."

"Si sisi, mwalimu," alijibu Brightness, kiongozi wa darasa. "Kila mtu jina lake liko pale."

Kweli, majina yao yote yalikuwapo. Hasina akajiambia labda kuna mtoto anachezea simu ya Mama Lucas, ambaye bado yumo kwenye kundi la wazazi, akabonyeza kuanza.

Swali la kwanza, lucs akapata. La pili akachelewa, lakini akapata. Likaja la mikondo ya bahari, lililowaangusha karibu wote. Hilo nalo akapata. Jina likapanda hadi juu ya la Brightness. Hakuna aliyeshangilia. Msichana mmoja wa mbele alianza kulia kwa kwikwi.

Vipindi vilipokwisha, alikwenda moja kwa moja Pongwe. Dorkasi alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Kwema?"

"Kwema. Mama, asubuhi simu yako alikuwa nayo nani?"

"Huwa namwachia Lucas kitandani, imwimbie kwaya. Kwani imefanya nini?"

"Na hapa nyumbani mlikuwa na nani mwingine?"

"Mimi na yeye tu. Na mimi nilikuwa shamba."

Hasina akamweleza. Uso wa Dorkasi ukakunjamana.

"Mwalimu, usinichezee. Mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha. Mtoto wangu haelewi kitu."

Hata hivyo alimwongoza ndani. Dirisha lilikuwa limefungwa ili majirani wasichungulie. Lucas alilala akielekea ukutani, simu iko karibu na mkono wake wa kushoto. Hasina akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaandika swali kwenye simu yake: Mimi ni nani? Majibu akaweka manne: shangazi, nesi, jirani, Mwalimu Hasina. Akamfungulia kwenye simu ya mama yake.

Kidole cha kushoto kikatambaa polepole juu ya kioo, kikasita, kikabonyeza Mwalimu Hasina.

Dorkasi aliegemea mlango, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Muulize kama alikuwa anatusikia," alisema hatimaye. "Tangu atoke hospitali."

Hasina akaandika. Lucas akabonyeza ndiyo.

"Nilisema mbele yake," Dorkasi alisema, sauti haina nguvu. "Wageni wa kanisani walipokuja. Nilisema afadhali Mungu angemchukua siku ile ile."

Dorkasi akajikokota hadi kitandani, akaushika mkono wa mwanawe, akamnong'oneza kwa Kibena, lugha ambayo Hasina haijui. Lucas hakuuondoa mkono. Machozi yalimtiririka hadi sikioni, na mama yake akayafuta kwa upindo wa kanga.

Walipotulia, Hasina akaandika swali jingine: Unataka nini? Maji, chakula, kulala, kutoka nje. Safari hii kidole hakikusita.

Wakamshika huku na huku, wakamtoa uani, wakamkalisha kwenye kiti, mto mgongoni. Aliyafumba macho kwa ukali wa mwanga, kisha akayafumbua. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alisimama, akamuuliza Dorkasi mtoto anaendeleaje.

"Muulize mwenyewe," Dorkasi alisema. "Anasikia."