Nani Mwenye Nyumba?

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imezoea kumtoza mtu kodi ya kichwa kikiwa bado juu ya shingo. Watu wa Tunduma waliinung'unikia kodi hiyo, wengine wakaikimbia porini, mwishowe wakailipa. Lakini waliposikia kwamba iko nyingine inayosubiri kichwa kilale chini, walishika vinywa. Karani wa boma aliiita kodi ya urithi. Wao waliiita kodi ya kaburi, na mimi sioni kwamba walikosea.

Ilimfikia Marita kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Abrahamu Silwamba, baba Nesta kama mkewe alivyomwita, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye kikohozi alichorudi nacho kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Aliacha cherehani, ng'ombe wachache, akiba yake posta, na nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati, ambayo mwaka ule wa hamsini na nne ilikuwa bado inawageuza shingo wapita njia. Posta haikutoa akiba bila barua ya boma, na boma halikutoa barua kabla ya kujua mali yote ya marehemu. Ndipo alipotumwa karani Asajile, mwenyeji wa Isongole, aje kuuliza.

Asajile alikuwa na adabu zake. Alitoa pole, akakaa, akanywa togwa, kisha akafungua karatasi. Cherehani ni ya nani? Ya marehemu. Ng'ombe? Wa marehemu. Na hii nyumba, nani mwenye nyumba?

"Mwenyewe ndiye huyo tuliyemzika," Marita akajibu, macho chini.

Angejibu nini kingine? Mke aliyelelewa vizuri hakusema "changu" mbele ya wageni. Kuku aliyemfuga mwenyewe alikuwa kuku wa baba Nesta. Jembe alilotoka nalo kwa mama yake lilikuwa jembe la baba Nesta. Hiyo ndiyo heshima aliyofundwa, nayo ilimfaa miaka yote. Ila waliomfunda hawakujua kwamba siku moja heshima hiyo itaandikwa kwa wino.

Asajile alijumlisha, akakuna kidevu, akajumlisha tena.

"Mama, mali ya marehemu ikiwa ndogo, sheria inaisamehe," alisema. "Bila nyumba, hii ingesamehewa. Pamoja na nyumba, imevuka. Inabidi kodi ilipwe kwanza, ndipo mrithi aguse kitu."

"Nilipe kwa fedha gani, mwanangu, na akiba mmeifunga?"

Karani alitazama dari. "Wengine huuza nyumba," alisema polepole, na ninaamini ilimuuma kusema hivyo.

Sasa niwaambie jambo ambalo mji mzima haukulijua. Nyumba ile aliijenga Marita. Abrahamu alipokuwa migodini, yeye alilima ulezi, akauvusha mpaka kwa kichwa kuwauzia wapika pombe wa Nakonde. Matofali aliyafyatua na wanawake wenzake, waliodhani fedha inatoka migodini, bati akalinunua kidogo kidogo. Mumewe aliporudi, alirudi na kikohozi na sanduku tupu, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zimeibwa njiani. Alikuta nyumba imesimama na watu wanampongeza: kweli migodi inalipa! Marita akanyamaza. Mtu aliyekwisha kuvuliwa na wezi, mkewe amvue tena? Uongo ule ukaota mizizi, na mzee wa kanisa akausema hata kaburini: "Huyu ndugu yetu alijenga."

Baada ya karani kuondoka, Marita alimfuata shemeji yake Yonasi, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo sasa, akamweleza yote. Yonasi hakuamini. Kisha akaamini, na hapo ndipo alipokasirika hasa.

"Kwa hiyo utasimama barazani useme kaka yangu alihifadhiwa na mwanamke? Utamvua nguo marehemu, shemeji?"

"Nesta na wadogo zake watalala wapi?"

"Kwangu. Heshima ya mtu haiuzwi."

Yonasi alikuwa na chumba kimoja na watoto tele. Marita alimtazama, akaona kwamba anasema kutoka moyoni, na hilo likamuumiza zaidi kuliko kama angekuwa mchoyo. Alirudi akashinda amekaa kizingitini. Akinena, anamzika Abrahamu mara ya pili. Akinyamaza, wanawe wanatoka nje. Alimlilia mumewe, akamkasirikia pia, kwamba amekufa na kumwachia mzigo huu.

Siku Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, alipokuja kusikiliza mashauri, uwanja ulijaa. Asajile alikuwa akitafsiri. Marita alisimama.

"Nilikosea kujibu. Nyumba ni yangu. Niliijenga mimi kwa fedha yangu, baba Nesta akiwa ng'ambo."

Watu walicheka, kisha wakaguna. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba huzuni imempanda kichwani. Bwana Shauri alinena na karani, na karani akageuka.

"Anasema kila mjane anaweza kusema hivyo ili akwepe kodi. Anauliza: marehemu mwenyewe, alipokuwa hai, alisemaje? Yupo aliyemsikia akisema nyumba ni ya mkewe?"

Hakuwapo. Marita alijua hakuwapo. Alianza kukaa chini, ndipo Yonasi aliporuka juu, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kaka yangu alikuwa mwanamume!" alipiga kelele. "Alimpenda mke wake, ndiyo, na huyu ndivyo anavyomlipa! Nani hapa hajui? Jioni akifunga cherehani tunamwita, njoo tunywe. Yeye anasema, 'Naenda kwa Marita.' Kila siku! Hata mama Nesta hasemi, anataja jina. Mpaka mkambandika jina, Bwana Kwa-Marita!"

Watu walicheka tena, wakikumbuka. Marita naye alikumbuka jinsi jina lile lilivyomtia aibu sokoni.

"Hata mimi," Yonasi aliendelea, "mwaka wa mvua nyingi nilimwomba niweke mahindi yangu ukumbini. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja! Akaniambia, 'Kamwombe mwenyewe.' Nikasema, mwenyewe nani? Akasema, 'Mwenye...'"

Mdomo ulibaki wazi.

"Malizia, mzee," Asajile alisema kwa upole.

Yonasi aliponena tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Akasema, 'Mwenye nyumba.' Nilidhani ananitania. Nilidhani mke amemkalia kichwani, anatafuta njia ya kuninyima. Sikuyapeleka mahindi, yakaota." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuwahi kusema 'nyumbani kwangu'. Sasa nakumbuka. Hata siku moja hakusema."

Hakuna aliyecheka. Asajile alitafsiri yote, taratibu, na Bwana Shauri akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza nyumba ifutwe katika mali ya marehemu. Kilichobaki kilikuwa kidogo, sheria ikakisamehe.

Ilimpasa Marita afurahi. Badala yake alilia pale pale uwanjani zaidi ya alivyolia siku ya mazishi. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayemsitiri Abrahamu. Kumbe mwenzake alikuwa akisema kweli kila jioni, mbele ya watu wote, kwa njia pekee ambayo mji ungekubali kuisikia kwa mwanamume, na mji ukacheka, na yeye mwenyewe akaona haya.

Mvua zilipoanza, alisikia hodi. Yonasi alikuwa mlangoni, kofia mkononi, gunia begani.

"Shemeji," alisema, "mahindi yangu yatanyeshewa. Nimekuja kumwomba mwenye nyumba."

Marita alifungua mlango wote. Alitaka kusema karibu kwa baba Nesta, kama alivyosema maisha yake yote.

"Karibu kwangu," akasema. Kisha akampokea gunia.