Nyumba Isiyokuwepo Sakina

Aikande alipanga safari ya Mama Ritha kwa bidii ambayo hata mkuu wake wa kazi hakuwahi kuiona. Alichukua karatasi ya ofisini, akapiga mstari katikati, upande mmoja akaandika usafiri, upande wa pili mahali pa kulala. Panda basi la saa mbili asubuhi, si lile la saa tano, maana la saa tano lenyewe halijui litafika lini. Ukishuka stendi ya Arusha usimpe mtu mzigo wako hata akikuita mama. Gesti iliyo mkabala na stendi ni rahisi, lakini chini ina baa. Kulala pale ni kukesha. Hosteli ya kanisa ni safi, ila alipopiga simu akaambiwa imejaa wanakwaya. Ikabaki gesti ya mjane mmoja wa Kaloleni: bei nafuu, geti linafungwa saa nne, maji ya moto kwa ndoo na chai asubuhi. Jumamosi tembea hadi mnara wa saa, panda kifodi, vile vigari vidogo vya abiria, cha kwenda Njiro, uwaambie wakushushe chuo cha uuguzi. Saa tatu kamili uwe umeshakaa.

Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na Aikande aliijua vizuri: haukuhitajika. Dada yake, Jacqueline, alikuwa na nyumba ya vyumba vinne hukohuko Njiro, dakika kumi kwa miguu kutoka chuoni, na viwili kati ya vyumba hivyo vililaza pasi na vikapu vya nguo.

Mama Ritha, jina lake la ubatizo Bernadina, alikuwa mjane wa kijiji cha Nakwa, karibu na Babati, anayelima mahindi na maharage. Alikuwa na mtoto mmoja, huyo Ritha, na Jumamosi hiyo Ritha alikuwa anahitimu uuguzi. Katika chuo chao mzazi ndiye anayeitwa mbele kumvisha mwanawe kofia nyeupe. Tangu Januari Mama Ritha hakuwa na habari nyingine. Shambani kofia, kisimani kofia, kwenye jumuiya kofia, mpaka majirani wakaanza kumtania kwamba atavaa yeye.

Na huyu ndiye aliyemwokoa Aikande. Mkoa wa Manyara ulipokuwa mchanga, watumishi walimiminika Babati kutoka kila kona, vyumba vikawa adimu kama mvua ya Agosti. Aikande alifika kutoka Machame na begi moja na mwanawe Praygod mgongoni, akazunguka siku tatu akiambiwa pamejaa. Mama Ritha alimkuta amekaa nje ya kanisa, akambebea begi bila kuuliza maswali. Akampa chumba cha uani, na Aikande akakaa humo miezi minane. Kila alipotaka kulipa kodi alijibiwa kwamba mgeni halipi, mgeni anakula. Praygod alijifunza kutembea kwenye uwanja ule, akimkimbilia Mama Ritha kuliko alivyomkimbilia mama yake.

Sasa, watu wa kwao Mama Ritha hawaombi malazi. Wanauliza njia. Siku ile ya kupanga safari aliinamia kikombe chake cha chai, akasema taratibu, "Mama Praygod, hivi kwa dada yako na pale chuoni ni mbali?"

Hata Praygod angeelewa. Aikande alielewa kabla swali halijaisha. Lakini papo hapo aliiona miguu ile iliyopasuka kisigino ikikanyaga zulia la Jacqueline, akausikia moshi wa kuni kwenye kitenge kile, akamwona dada yake akiinua nyusi na kumuuliza kama hao ndio marafiki aliowapata huko. Aibu ikaitangulia akili.

"Dada amesafiri," akasema. "Yuko Dar mwezi mzima, nyumba ameifunga."

"Basi Mungu amrudishe salama," Mama Ritha akajibu, na akamaanisha.

Ndipo ilipoanza ile bidii ya karatasi. Mtu akimnyima mwenzake kilicho chake hujitahidi sana kumpa cha watu wengine.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini Aikande alidhani anaweza kuirefusha. Alhamisi jioni Mama Ritha alipiga hodi akiwa na kuku jike aliyefungwa miguu na mfuko wa maharage mapya.

"Zawadi za dada yako hizi," akasema. "Siwezi kukanyaga mji alipo dada yako nikiwa mikono mitupu. Watu watanionaje?"

"Si nilikwambia hayupo, Mama Ritha?"

"Jirani yupo. Jumamosi nitawahi Njiro, nimwachie jirani, halafu niingie chuoni. Nikienda na kuku kwenye mahafali watanifukuza."

Aikande akapiga hesabu. Jacqueline angefungua geti mwenyewe, Jumamosi asubuhi, na kanga yake ya kulalia. Hapo ndipo alipotakiwa kusema kweli, na maneno alikuwa nayo mdomoni kabisa. Akayameza.

"Hata hiyo Njiro wamehama," akasema. "Siku hizi wako Sakina. Nyumba yenyewe hata mimi siijui, hutaipata. Kuku mrudishe, mama, ale Praygod siku nyingine."

Sakina ni upande wa pili wa Arusha. Aikande alijua hilo, akaona amefunga mlango. Alisahau anaongea na mtu wa Nakwa. Nakwa hakuna nyumba isiyojulikana. Unataja jina la mtu, mtoto wa kwanza unayekutana naye anakushika mkono mpaka mlangoni. Mama Ritha alilirudia jina mara mbili ili lisimtoke, Sakina, Sakina, akaaga.

Ijumaa asubuhi stendi ya Babati, Aikande alimpandisha basi, akamweka dirishani. Kuku alikuwa chini ya kiti. Aikande alimwona kuku huyo. Angeweza kusema hata hapo. Dereva alikuwa bado anakunywa chai. Badala yake alimkumbusha habari ya geti kufungwa saa nne. Mama Ritha alimshika mkono, akamwambia, "Umenihangaikia kuliko ndugu." Aikande alirudi ofisini akachapa barua moja mara nne, zote zina makosa.

Jumamosi ilipofika saa tatu alikuwa anafua, na mikono ikasimama kwenye beseni. Alijisikia mwizi. Alijiambia kwamba yule mama amesikia, kuku amemwachia mwenye gesti, sasa hivi amekaa mstari wa mbele. Mwenyewe hakuyaamini.

Jumapili jioni Mama Ritha alikuja moja kwa moja kutoka stendi, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Aikande alimwamkia.

"Shikamoo, Mama Ritha."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba msamaha," akasema kabla hata ya kuketi. "Kwa dada yako sikufika."

Akaeleza pole pole, kama mtu anayekiri kosa lake. Aliamka saa kumi na moja, akaenda Sakina kwa miguu ili awahi. Akauliza dukani, akauliza kwenye mashine ya kusaga, akauliza geti kwa geti: Jacqueline, dada yake Mama Praygod wa Babati. Mmoja alimpeleka kwa Jacqueline mwingine kabisa, msusi. Jua likapanda. Alipokata tamaa, yule msusi akamwonea huruma akapokea kuku na maharage, naye Mama Ritha akatafuta kifodi. Alifika chuoni watu wanapiga picha.

"Na kofia?" Aikande akauliza, ingawa alishajua.

"Walimwita Ritha mara tatu. Akasimama pale mbele peke yake. Mwisho mpishi wa chuo akaja kumvisha." Mama Ritha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Amenikasirikia sana. Kasema ametiwa aibu mbele ya wenzake, mama yake kupotea mji mdogo hivyo na karatasi anayo mkononi. Ana haki. Sikusoma mimi, labda niliisoma vibaya."

Aikande alitamani sakafu impokee. Akamweleza yote: kwamba Sakina hakuna nyumba, kwamba Jacqueline hakuhama wala hakusafiri, kwamba vyumba viwili vilikuwa vitupu. Akasema na sababu, visigino na moshi, maana kuificha ingekuwa uongo wa tatu. Alisema akilia, na kulia hakukumsaidia.

Mama Ritha alitazama mikono yake.

"Ningelala jikoni kwake," akasema hatimaye. "Ningetoka alfajiri, asingeniona."

Aikande alipiga magoti akamshika miguu, ileile. Mama Ritha hakumwinua, wala hakumsukuma.

"Mimi unaniomba bure," akasema. "Mimi ni mtu mzima, nitapona. Simu unayo. Mwambie Ritha."

Aikande alipiga. Simu iliita kidogo tu.

"Shikamoo anti," sauti ya Ritha ikasema, kisha bila kusubiri kuitikiwa, "mama amefika? Nilimsema vibaya jana, lakini anti, mtu unawezaje kupotea na ulimwandikia kila kitu?"

Mama Ritha alinyanyuka akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Hakupenda kumsikia mtu mzima akigombezwa na mtoto.

"Mama yako hakupotea," Aikande akasema. "Mimi ndiye niliyempoteza."