Zaidi ya Milimita Sita

Siku ile niliamka nikiomba meno ya mwanangu yawe mabaya. Sioni haya kusema. Mama mzima nimepiga magoti pembeni ya kitanda, namwomba Mungu ayaache yalivyo, yasirudi nyuma hata chembe, kwa sababu serikali hailipii meno yaliyopinda kidogo. Inalipia yaliyopinda sana, tena kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, na binti yangu alikuwa anaitimiza mwezi unaofuata. Siku hiyo ikipita kabla hajapitishwa, kinachobaki ni daktari wa binafsi, na huyo sisi tunamjua kwa bango lake la barabarani tu.

Meno yenyewe ni ya ukoo wa baba yake. Yale ya juu ya mbele yametangulia kama yana haraka ya kufika, ya chini yamebaki nyuma. Mama mkwe wangu anayo, mume wangu anayo, mawifi zangu wote wanayo. Wao wamekua nayo, wakapata wachumba na kazi na kila kitu, lakini walikua kabla kila mtu hajawa na kamera mfukoni. Binti yangu akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mkate anauma kwa pembeni. Jino moja la mbele lilishameguka alipoteleza uwanjani shuleni, maana yeye akianguka, meno ndiyo yanayofika chini kwanza. Daktari wa meno wa mtaani kwetu alipoliona jino hilo ndipo akatuandikia twende kliniki kubwa akapimwe, ionekane kama anastahili kuwekewa waya wa kunyoosha meno kwa gharama ya serikali. Tuliisubiri zamu yetu mpaka nikaanza kuamini wametusahau.

Kwa kuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba, baba yake humwita Mama, na mimi nikitaka kumtania humwita Mkwe. "Mkwe, leo nywele umezichana kwa uma?" Ananuna kidogo, halafu anacheka nyuma ya kiganja chake. Mimi nina mdomo, nalijua hilo, na nina jicho pia. Kazi yangu ni kukagua mashati kiwandani. Shati linapita mbele yangu chini ya taa kali, na mshono ukiwa umekwenda upande hata kidogo, naliona na kulitupa kapuni kabla aliye pembeni yangu hajapepesa. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi, macho hayajui tena kupumzika. Hata nyumbani, kila asubuhi mlangoni, nilikuwa namkagua binti yangu kabla hajatoka: kola, vifungo, viatu, uso.

Tukiwa tunapanda ngazi za kliniki akanishika mkono.

"Mama, naomba kitu kimoja. Huko ndani usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme chochote. Kwenye kikao cha wazazi ulisema mpaka mwalimu akakosa la kujibu, na mimi nikakaa naye darasani mwaka mzima kwa aibu. Leo niache nijibu mwenyewe."

"Haya, Mkwe. Nitakuwa bubu."

"Sitanii, Mama."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mweupe kabisa, na nilikuwa sijaketi vizuri kwenye benchi la nje nikaanza kujuta. Mlango wa chumba cha kupimia ulifunguka, akatoka baba mmoja amemshika mkono binti yake mdogo mwenye meno yaliyopandana huku na kule. Nikamuuliza kwa macho, si nilikuwa bubu.

"Wanasema haya ni ya urembo," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana. "Urembo hawalipii."

Nikamtazama yule mtoto mdomoni, Mungu anisamehe, nikalinganisha. Kama yale ni urembo, ya kwetu je? Niligeuka kumtazama binti yangu pembeni yangu, naye akafunga mdomo akakaa wima.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri kama wa mdogo wangu wa mwisho, barakoa imeteremshwa kidevuni, sauti ya taratibu. Msaidizi wake, dada mmoja mnene mwenye macho ya kucheka, alikaa kwenye kompyuta. Binti yangu alilazwa kwenye kile kiti kinachorudi nyuma, mimi nikapewa kigoda ukutani, karibu na miguu yake, namwona uso mzima.

"Tunayapanga meno kwa madaraja, la kwanza mpaka la tano," daktari alimweleza yeye, si mimi. "Serikali inalipia la nne na la tano. Kwa meno kama yako, kitu kikubwa ninachopima ni nafasi kati ya ya juu na ya chini. Ikizidi milimita sita, umeingia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Haya, uma kama kawaida yako."

Binti yangu alinitupia jicho mara moja, akauma. Daktari akapitisha rula yake ndogo ya chuma, akainama, akasoma.

"Nne na nusu."

Msaidizi akabonyeza. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Nne na nusu ya nani? Nikamtazama mwanangu pale kitini, kidevu kimekaza, midomo imekutana vizuri, uso umetulia, nikautambua ule uso. Ni uso wa picha.

Inabidi niseme hapa kwamba katika ukoo wa mume wangu kuna jambo ambalo halifundishwi wala halijadiliwi. Mtu akiinua kamera, mama mkwe anasema, "Jiwekeni sawa," na wote kwa pamoja wanasukuma taya la chini mbele, meno ya chini yanakwenda kukutana na ya juu, midomo inafunga. Watoto wao wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Picha za harusi yangu ziko sebuleni, na ukizitazama, upande wangu umejaa watu wanaocheka, upande wao wamekaza videvu utadhani ni majaji wamekuja kumhukumu bwana harusi. Tumelicheka jambo hilo miaka yote. Na sasa mtoto amelala mbele ya rula ya serikali, amejiweka sawa.

Wala hakujua. Macho yake yalikuwa darini, ametulia tuli, anasubiri kuambiwa.

"Hili ni daraja la tatu," daktari alisema, na kweli alionekana kuumia. "Najua yanakusumbua. Ila kwa kipimo hiki siwezi kukupeleka mbele. Pole sana."

"Sawa, daktari. Asante."

Basi. Sawa, asante. Akaanza kushusha miguu, anatafuta kiatu chake kwa kidole cha mguu. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikaifikiria ahadi, nikaufikiria na mwezi unaofuata, na baada ya hapo maisha yake yote na kiganja mdomoni, mbele ya waajiri, mbele ya wakwe wa kweli. Ahadi ikashindwa.

"Hivyo sivyo anavyouma," nikasema.

"Mama."

"Huo ni uso wa picha, daktari. Amesukuma taya. Ukoo wao wote wanafanya hivyo, hata hajui kama anafanya. Mpime tena."

Mwanangu aliona aibu mpaka masikio yakabadilika rangi. Vidole vya msaidizi vikasimama juu ya kompyuta. Nilijua jioni ile sitasemeshwa, labda wiki nzima, na nilikuwa tayari kununiwa.

Daktari hakukasirika. Alirudi kwenye kabati, akavaa glovu mpya.

"Inatokea sana kwa wenye meno haya," alisema. "Afadhali tumejua kabla hujaondoka. Lala tena. Sasa ncha ya ulimi ipeleke juu, nyuma kabisa, kama unataka kugusa koo. Ikae hukohuko. Halafu funga mdomo polepole."

Alifanya hivyo. Nikaliona taya lake linarudi nyuma taratibu, na meno ya juu yakabaki peke yake mbele, juu ya mdomo wa chini, kama yalivyo. Rula ikaingia.

"Tisa."

"Namshukuru Mungu," nikasema, nikapiga na kofi. Lilitoka kwa nguvu, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao. Mwanangu akageuza kichwa kitini akanitazama.

"Tisa, Mama," akasema. "Na umefurahi."

Ni kweli, nilikuwa nimefurahi. Nilitaka kumwambia siyo hivyo, ni kwa ajili yako, lakini daktari alikuwa ameshaanza kutueleza yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yaliyonirudisha roho juu. Kwa kuwa umri wa kulipiwa ulikuwa unakaribia kuisha, jambo lingeamuliwa na jopo la madaktari wengine, na hao hawamwoni mgonjwa. Wanaona picha tu: ya mbele, ya ubavuni, na ya meno yakiwa yameuma. Picha ikionyesha taya limesogea, watasema kipimo na sura havikubaliani, watairudisha, na hapo siku zitakuwa zimeshatukimbia.

"Kwa hiyo tunazipiga sasa hivi," daktari alisema, "na tunazipiga vizuri."

Wakamsimamisha mbele ya ukuta mweupe. Daktari akainua kamera. Kamera ilipofika usawa wa jicho, taya likaenda mbele.

"Tena. Kumbuka ulimi."

Akarudisha ulimi, taya likarudi, kamera ikainuka, likaenda. Wakajaribu ya ubavuni, vilevile. Daktari alikuwa anazifuta picha moja baada ya nyingine bila kusema neno, na kule kufuta kimyakimya kuliniumiza zaidi kuliko kama angegomba. Nje watu walikuwa wanakohoa kikohozi cha kutukumbusha kwamba wapo.

"Legeza, mwanangu," nikasema. Ahadi ilikuwa imeshakufa, sikuona sababu ya kuizika kwa heshima. "Legeza taya tu. Siyo hivyo. Umesukuma tena."

"Nalegeza."

"Hulegezi. Nakuona."

Machozi yakamjaa. Nikaona na kidevu kinatetemeka, nikasema moyoni, basi, tumekosa, tumefika mpaka mlangoni tumekosa kwa sababu ya kidevu. Nikainuka kabisa kutoka kigodani ili nimwone vizuri zaidi.

Daktari aliishusha kamera.

"Ukiwa peke yako nyumbani," alimuuliza, "unasoma au unatazama simu, mdomo unakaaje?"

"Unakaa tu."

"Hausukumi?"

"Hapana."

"Sasa unausukuma wakati gani?"

Alitazama sakafu, halafu ukuta, halafu akanigeukia mimi, uso umelowa.

"Mama, toka kidogo."

"Nitoke? Si mimi ndiye niliyesema ukapimwa tena?"

"Najua, na nashukuru. Lakini toka. Ukiniangalia linaenda lenyewe."

Nikajaribu kucheka. "Hayo ni mambo ya bibi yako na picha zake. Usinisingizie mimi."

"Bibi ni siku za picha tu," akasema. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana neno lile nililisikia mwili mzima. "Wewe ni kila siku."

Msaidizi akainamia kompyuta yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Mimi nikachukua mkoba nikatoka. Sijui nilitembeaje. Nilijikuta kwenye benchi la nje, kati ya watu waliokuwa wananiangalia kwa hasira ya kusubiri. Nikaukumbuka mlango wa nyumbani asubuhi. Kola, vifungo, viatu. Nilipofika usoni, yeye alikuwa ameshajiweka sawa, na mimi nilikuwa nampitisha. Nenda, uko safi. Kumbe huyo niliyekuwa nampitisha miaka yote sikuwa namjua sura.

Mle ndani kukawa kimya, na niliogopa kimya kile kuliko nilivyoiogopa rula. Halafu nikasikia kamera ikilia. Ikanyamaza, na nikasubiri sauti ya daktari ikisema tena. Haikusema. Kamera ikalia mara ya pili. Kamera ikalia tena, na baadaye nikasikia dada wa kompyuta anasema kitu kwa sauti ya chini, na mtu anacheka.

Mlango ukafunguliwa. Daktari ndiye aliyetangulia.

"Zimetoka, mama. Nazituma leo hii. Kwa picha hizi sioni watakavyomkataa."

Nyuma yake akaja mwanangu, bado anacheka alichokuwa ameambiwa. Kiganja hakikuwa mdomoni, kilikuwa mfukoni. Meno yote yalikuwa nje, na lile lililomeguka pia, na macho yake yalikuwa yamefumba kwa kicheko. Halafu akayafumbua, akaniona nimekaa pale benchini. Kicheko kikakatika. Midomo ikaanza kukutana, na lile taya likaanza safari yake ya kuja mbele kunipokea.

Nikainama upesi, nikafungua mkoba, nikaanza kupekua kitu ambacho hakikuwemo.

"Haya twende, mwanangu," nikauambia mkoba, na nikaendelea kupekua hivyohivyo, kichwa chini, mpaka nilipomsikia amerudi kucheka pale alipokuwa amekatiza.