Glavu za Lesi

Mama yangu ni fundi cherehani, na siku ya kliniki alivaa glavu za lesi alizojishonea mwenyewe.

"Mtindo," aliniambia tukiwa kwenye benchi. "Na wewe ufunge mdomo. Kwa hilo nakuamini, hata salamu huwa unaimung'unya."

Chini ya lesi viganja vilikuwa vyekundu, vimebabuka. Vidonge ndivyo vilivyombabua. Saratani ya tezi ya shingo ilikuwa imekaidi iodini yenye mionzi, ikafika mapafuni, ndipo akaanzishiwa vidonge hivi. Daktari alitueleza kwamba ndani ya saratani kuna amri inayosema kua, kua, na kidonge kinaiziba isifike. Mama alivipenda vile vidonge kama wajukuu. Aliogopa daktari akiiona mikono atamnyang'anya.

Mimi niliogopa zaidi. Asubuhi ile alishindwa kushika mkasi, nyayo nazo zilianza kupasuka, na bado alikuwa anameza.

Daktari, dada mmoja mcheshi, alizisifia glavu. "Mama, unakwenda harusini?"

"Kwa umri huu, mwanangu, labda iwe yangu!"

Wakacheka. Daktari akauliza kama dawa inamsumbua.

"Wala. Niko ngangari."

"Anadanganya," nikasema. "Mama, vua."

Mama alinitazama kama vile kiti ndicho kimesema. Kisha akavua, kidole kimoja kimoja.

Daktari alivishika viganja taratibu. "Mbona mlikaa kimya? Dawa hii huwababua wengi. Tutaipumzisha mpaka ngozi ipone, nikupe mafuta ya kupaka, halafu tuendelee na dozi ndogo."

"Huninyang'anyi?"

"Nikunyang'anye wakati inafanya kazi?" Akatugeuzia kompyuta. "Hivi ndivyo uvimbe wa mapafuni ulivyokuwa. Huu ni wa leo. Umesinyaa."

Mama alipiga kigelegele hadi nesi akachungulia mlangoni.

Nje alinisukuma kwa kiwiko. "Kumbe sauti unayo, mchongezi wee! Haya, lile gauni la mwalimu mkuu utalikata wewe."

"Mimi? Mimi si wa kushona vifungo tu?"

"Umenisema mimi mbele ya daktari, kitambaa kitakushinda?"

Jioni nilitandaza hariri ya lile gauni mezani. Mama alikaa pembeni, mikono inang'aa mafuta, akielekeza kwa kidevu.

"Sogea kushoto. Hapo hapo. Usitetemeke. Haya, pumua basi, usije ukanifia!"

Nikacheka, nikakata.