Pembe la Dume la Mahari

Ng'washi alikuwa amechoka mpaka hasira zimemwishia. Hii ni mara ya tatu mumewe, Luhaga, anatapika damu, na tumbo limemjaa kama mjamzito. Kule kwao Lamadi, kando ya ziwa, ukivimba tumbo huulizwi maneno mengi: umeingia ziwani, una kichocho, meza vidonge. Luhaga alishameza mara tatu. Mganga naye akamchanja chale mbavuni, akala jogoo wao, akaenda zake. Na Ng'washi, jamani, kila siku alimgombeza mume kwamba bado anaingia majini kwa siri.

Sasa wako wodini Bariadi, mume anaongezewa damu, mke kakaa sakafuni. Akaja Daktari Elineema, mgeni wa huku, ambaye hajazoea kwamba kila tumbo ni kichocho. Akaweka kipimo chake cha kusikilizia juu ya ini, akasikiliza muda mrefu. Kisha akauliza kama mgonjwa aliwahi kuchomwa na kitu mbavuni. Ng'washi akajibu haraka kwamba hapana, hizo ni chale tu, na lile kovu chini yake ni la utotoni, ndivyo alivyoambiwa.

Luhaga akageukia ukutani.

"Pembe," akasema. "Lile dume la mahari. Tulipokuwa tunaswaga ng'ombe kwenda kwenu Sapiwi."

Miaka kumi na miwili ameficha! Siku ile alijifunga kitambaa, akavaa shati juu yake, akacheka na wakwe. Alijua wazee wakisikia dume la mahari limemchoma bwana harusi watasema ndoa imekataliwa, na ng'ombe watarudishwa siku hiyo hiyo.

Daktari akaeleza taratibu. Pembe lilitoboa mishipa miwili ndani ya ini, nayo ikapona vibaya, ikaungana. Damu ya kasi inayotoka moyoni inaingia kwenye mshipa laini unaoleta damu ya tumboni, presha inapanda, mishipa ya kooni inapasuka. Mwanza wanaweza kuziba hapo palipoungana. Lakini wasichelewe, maana ikipasuka tena huenda asifike.

Akauchukua mkono wa Ng'washi, akauweka penye chale ili asikie panavyonguruma.

Ng'washi hakuhitaji kuonyeshwa. Miaka yote alilala kaweka kiganja hapo hapo, panatetemeka chini ya vidole, akadhani ndivyo mbavu za mume zilivyo. Machozi yakamtoka.

"Ungeniambia, baba Salu."

"Ningekukosa," akasema Luhaga.

Ng'washi hakuwa na nguvu ya kumgombeza tena. Mkono wake ulibaki pale pale mpaka gari la kwenda Mwanza likaja.