Dakika Nne za Mzee Dirisha

Jukwaa la pili lilikuwa tupu. Mzee Dirisha alisimama pale na mfuko wake wa machungwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama vile treni ya mabehewa kumi na moja inaweza kujificha nyuma ya nguzo.

"Imeondoka," mfagiaji alimwambia, ameegemea ufagio wake. "Sasa hivi tu. Binti yako alisimama mlangoni mpaka mwisho, anachungulia huku na huku. Nikajua unakuja."

"Imeondoka vipi? Bado dakika mbili!"

Ili uelewe kwa nini mtu mzima, karani wa tiketi kwa miaka thelathini, alibwata hivyo mbele za watu, sharti ujue siri ya stesheni ile. Saa kubwa ya ukumbini ilikuwa mbele kwa dakika nne, wala si kwa ubovu. Mkuu wa kwanza wa stesheni, enzi za treni za makaa ya mawe, alichoshwa na abiria waliofika wakihema wakati treni imeshang'oa nanga. Akaisogeza saa kimyakimya, na watu wakaanza kuwahi. Tangu hapo kila mfanyakazi mpya alinong'onezwa siku yake ya kwanza, akaapa kufunga mdomo. Abiria walikimbia, wafanyakazi walimalizia chai. Hakuna mtu wa stesheni aliyetazama simu kujua saa. Unaitazama ile ya ukutani, unatoa nne, basi.

Bintiye alikuwa anakwenda mbali, miaka miwili, kusomea kuendesha treni ya chini ya ardhi. Ndiyo hiyohiyo iliyofunguliwa wiki iliyopita chini ya ukumbi, na ngazi zake zinazopanda zenyewe na mageti yake ya kadi. Mzee Dirisha aliichukia kabla hata shimo lake halijachimbwa. "Sikuzaa panya wa mashimoni mimi," alisema mezani, na baba na binti wakanuniana siku tisa. Jana binti ndiye aliyevunja ukimya.

"Kesho nitasimama mlangoni mwa behewa, baba. Ukija kuniaga, nitajua umeniridhia. Usipokuja nitajua pia, na sitakusumbua tena."

Na alikuwa amemridhia, jamani! Alimridhia kabla sahani hazijaondolewa mezani. Ila ni mwanamume wa aina ile anayeona haya kulia hadharani, na alijua akifika mapema atalia mbele ya wenzake wote. Kwa hiyo akapanga vizuri. Treni ya saa nne na dakika ishirini. Akakaa nyuma ya dirisha lake, namba moja, macho hayabanduki kwenye saa, mpaka mkono ukafika kwenye ishirini. Zimebaki nne. Mbili za kutembea, mbili za kumpa machungwa na baraka. Akanyanyuka bila haraka yoyote.

Sasa alirudi ukumbini mbiombio, mfuko unampiga goti. Mhandisi wa treni ya chini, kijana mwenye adabu zake, alikuwa chini ya saa, anaikagua kwa kuridhika.

"Saa hii mmeifanya nini?"

"Shikamoo mzee. Tumeiunganisha na zile za chini, alfajiri, kabla hujaingia zamu. Sasa zote zinasoma sawasawa." Akacheka. "Tusingejua kama si wewe!"

Mzee Dirisha akakumbuka. Siku ya ufunguzi wageni walijaa tele, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwatembeza na kuwasimulia historia ya stesheni. Wakauchekea utani wake, kichwa kikamvimba. Akajipiga kifua akasema nyie wa chini mna mitambo, sisi wa juu tuna akili, tumewachezea shere abiria tangu enzi za babu zenu. Akaimwaga siri yote. Ukumbi ukaangua kicheko. Mhandisi naye alicheka, kisha akatoa daftari akaandika. Mzee Dirisha alimwona akiandika, akadhani ni sifa.

Akatoa simu, akapiga. Bintiye alipokea papo hapo.

"Mwanangu, nimekuja. Nimefika jukwaani nikakuta treni imetoka. Ile saa..."

"Baba, usinifanyie hivyo." Sauti yake ilikuwa nzito kwa machozi. "Saa gani? Ile ya ukumbini? Ile iko mbele dakika nne. Wewe mwenyewe uliniambia nikiwa darasa la kwanza. Mtu yeyote anaweza kuachwa na treni pale, baba. Siyo wewe."

"Wameirekebisha. Leo alfajiri."

"Haijaguswa tangu enzi za makaa. Nani angewaambia?"

Aliinua macho. Saa nne na dakika ishirini na sita, sahihi kabisa. Mhandisi bado alikuwa anamtabasamia.

"Mimi," akasema, na machozi aliyoyakimbia asubuhi nzima yakamtoka mbele ya ukumbi mzima. "Ni mimi niliyewaambia, mwanangu."

Treni ilikuwa imeingia kwenye handaki la nje ya mji, na simu ilikuwa imekatika, hakujua tangu neno gani. Akapiga tena, na tena, mpaka mfagiaji akaja kumpokea mfuko wa machungwa.